Mguu Usio na Habari

Siku mguu wa Mwavita ulipoungua, mwenye mguu alikuwa palepale anakunywa chai. Tuseme ukweli, hakuwa amelala, hakuwa amezimia. Alikuwa amekaa kwenye godoro lake la eda, chumba cha nyuma, katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge kando ya ziwa, miguu ameisogeza karibu na mbabula ya makaa kwa sababu siku hizo ilikuwa na baridi isiyoisha hata jua likiwaka namna gani. Wanawake waliokuja kumtazama walikuwa wameshaanza kunusanusa. Mmoja akasema kuna jirani anaunguza samaki. Mwingine akasema wapi, hiyo ni ngozi ya mbuzi. Mwavita naye akanusa, akakubali kwamba ni ngozi ya mbuzi, akaendelea na chai yake.

Ni Sikuzani, wifi yake, aliyeinama kuokota sahani akaona kisigino cha mguu wa kushoto kimelalia bati la mbabula na kinatoa moshi mwembamba. Akaukamata ule mguu akauvuta kwa nguvu mpaka chai ikamwagika kwenye godoro. Mwavita akamtazama, akauliza kuna nini.

Haya, fikiria mwenyewe. Mtu anaungua, halafu anauliza kuna nini.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao tangu mwanawe Yasmini hajaolewa. Vidonge alikuwa anameza, siku nyingine anasahau, kama wenzake wote. Miguu ilianza kuchomachoma, halafu ikaacha kuchoma, ikafa ganzi kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, na yeye akafurahi kwamba imepona. Mguu wa namna hiyo hauna habari. Unaweza kukanyaga kipande cha chupa sokoni ukakileta mpaka nyumbani bila kujua kwamba umekuja na mgeni.

Lakini ganzi ya miguu siyo iliyokuwa inasemwa mtaani. Iliyosemwa ni ile nyingine. Mume wake Feruzi, fundi cherehani ambaye nusu ya Rumonge ilivaa suruali zake, alianguka sokoni asubuhi moja akiwa anabishana na mteja juu ya mfuko wa koti. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda. Alasiri akazikwa. Watu walilia mpaka sauti zikakauka, wanaume wazima walisimama nje wanajifuta kwa mikono ya kanzu. Mwavita hakulia.

Msifikiri alijikaza. Mtu anayejikaza anajua kuna kitu anakizuia. Yeye alikitafuta kilio ndani yake kama mtu anavyopapasa kiberiti umeme ukikatika, akapapasa hapa, akapapasa pale, hakukuta kitu. Aliwaona watu wanaingia na kutoka, alisikia jina la mume wake likitajwa na neno marehemu mbele yake, na lile neno lilipita kama linamhusu mtu wa Gatete huko asiyemjua. Siku ya mazishi hiyohiyo, katikati ya wanawake, Sikuzani akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya chini kiasi cha kutosha: "Jicho kavu hivi. Na miaka yote ile kaka yangu alimulisha."

Mwavita alisikia.  Moyoni alikata shauri lake. Machozi sina, alijiambia, basi eda nitaikaa sawasawa. Miezi minne na siku kumi hatavuka kizingiti, hatavaa rangi, hatajipaka hata mafuta yenye harufu. Kama hawezi kuonesha kwa macho kwamba alikuwa mke wa mtu, ataonesha kwa kukaa.

Ndiyo maana siku ile kisigino kilipoungua na mmoja wa wanawake akataja hospitali, alitikisa kichwa. Mwenye eda haendi hospitali, alisema. Sikuzani ndiye mkubwa pale ndani, ndiye wa kumwambia wifi acha ujinga, lakini hata yeye aliamini hivyohivyo. Wote wawili dini yao walikuwa wameisikia jikoni, kwa mashangazi waliokuwa wameisikia jikoni. Wakapaka mawese na chumvi, wakafunga kitambaa cha kitenge, mambo yakaisha. Yalionekana yameisha.

Malengelenge yakapasuka. Chini yake nyama ikawa nyeupe, halafu ikawa ya kijivu, halafu pembeni ukaanza weusi, na kidole kidogo nacho kikageuka rangi bila mtu kukigusa. Mwavita alikuwa anakifungua kidonda mwenyewe asubuhi, anabadilisha kitambaa kwa kupapasa, kwa sababu kisigino mtu hakioni vizuri bila kujipinda, na yeye mgongo haukuwa wa kujipinda. Hakikumuuma hata kidogo. Angeumwa angepiga kelele, angepiga kelele wangemchukua. Kisha harufu ikaanza. Mwenye eda haruhusiwi manukato, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuifunika, ikakaa mle chumbani pamoja naye. Wageni wakaanza kuwa na haraka. Wanaingia, wanatoa pole, wanakumbuka wameacha chungu motoni.

Yasmini aliolewa Kabezi. Alikuja siku ya Jumapili na mtoto mgongoni, akaingia, akasimama mlangoni kabla hata ya kusalimu. Alimuuliza mama yake ni nini kinachonuka, mama akasema ni godoro. Yasmini hakubishana. Alimshusha mtoto, akapiga magoti, akafungua kile kitambaa, na alipokiona alichokiona alikaa chini sakafuni miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Mwavita alimwona binti yake analia, akafikiri kwamba lazima kuna jambo baya limetokea Kabezi.

Huyo binti ana hasira za baba yake. Alipoambiwa habari ya eda hakumjibu mama wala shangazi, alitoka moja kwa moja mpaka kwa ustadhi Hamidou anayefundisha watoto madrasa, akamwuliza. Ustadhi naye ni mtu wa kuwaka upesi. Alitaka kujua ni kitabu gani kilichosema mjane akae aoze. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya pazia, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba eda siyo jela, kwamba mwenye dharura anatoka, anatibiwa, na popote atakapolazwa eda yake inaendelea naye. Sikuzani alikuwa anatazama chini, anaokota makombo ambayo hayakuwepo.

Hospitali ya Rumonge, daktari kijana aliwapokea vizuri na hakuwaficha. Aliuminya mguu, akautafuta mpigo wa damu juu ya wayo, nyuma ya kifundo, akarudi tena juu ya wayo. Akasema damu haishuki mpaka huku chini, na kidonda kisichopata damu hakiponi, hata kikioshwa kwa dawa gani. Kilichobaki ni kukata, chini ya goti, wiki hiihii, kabla uozo haujapanda. 

Mwavita akauliza swali moja tu. Aliuliza, mtu akikatwa anakaa hospitali siku ngapi. Daktari akasema inategemea, ikienda vizuri siyo nyingi sana.

"Basi mukate," Mwavita akasema. "Nirudi nyumbani kumalizia eda."

Alilisema kwa sauti ileile ambayo mtu anaagizia nusu kilo ya ndagala sokoni. Daktari alidhani hakusikia vizuri, akamgeukia Yasmini. Lakini Sikuzani, aliyekuwa nyuma ya mlango na kapu la chakula, alisikia vizuri sana. Alijua neno hilo limetoka wapi. Alilipanda yeye mwenyewe siku ya mazishi, kwa mdomo wake, na sasa limekua mpaka linadai mguu. Alitoka nje akajibanza kwenye ncha ya benchi la wagonjwa, aibu imemjaa.

Yasmini alimbana yule daktari. Hakuna njia nyingine kabisa? Na yeye, tumpe haki yake, akasema ipo moja, siyo hapa. Bujumbura kuna daktari wa mishipa, mama mmoja, anayepitisha waya ndani ya mshipa na kuufungua pale ulipoziba. Ikifaulu, damu inarudi mguuni na kidonda kinapata nguvu ya kupona. Isipofaulu, watakata hukohuko. Lakini waamue leo, siyo kesho. Mwavita alisema hataki. Bujumbura mbali, waya sijui nini, wiki ngapi huko, na watu watasema mjane wa Feruzi amekwenda kutembea mjini.

Hapo Sikuzani akaingia. Alisimama mbele ya kitanda na kapu lake bado mkononi.

"Wifi, utakwenda," akasema. "Mtu akikuuliza habari ya eda ya kaka yangu, umwambie mimi ndio nimekutuma."

Eda haikuwa yake ya kutoa ruhusa, na alijua. Mwavita pia alijua. Alimtazama wifi yake, akasema sawa. Siyo kwamba alishawishika. Kwake Bujumbura na chumba cha nyuma na kisu vilikuwa na uzito uleule, na huyu mtu mbele yake alionekana anataka sana.

Pesa zilitafutwa vile zinavyotafutwaga, na mimi hapo siingii. Gari lilikuwa la mtu wa Kizuka anayepeleka mawese Bujumbura. Mwavita alikaa mbele, mguu ameuweka juu ya bidoni la mawese, Yasmini nyuma amebanana na mapipa. Ziwa lilikuwa kushoto njia nzima, na mahali lilipopanda likala kando ya barabara gari lilipita taratibu, upande mmoja. Walipopita Kabezi mume wa Yasmini alikuwa amesimama kando na mtoto waliyempelekea, akapunga mkono. Mwavita naye akapunga. Aliona kwamba ndivyo inavyofanywa.

Dokta Émérance alikuwa mama mfupi, mwenye kusema polepole, anayevaa miwani kichwani na kuitafuta mezani. Alipaka mafuta mepesi juu ya wayo wa kulia, akaweka hapo kichombo kama kalamu nene kilichounganishwa na spika, na chumba kikajaa sauti: shwaa, shwaa, shwaa. Hiyo ni damu yako inapita, akamwambia. Halafu akahamia mguu wa kushoto. Spika ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Akasogeza huku, akasogeza kule, akaenda nyuma ya kifundo. Kimya.  Mwavita alikisikiliza kile kimya na hakuona cha ajabu, alikuwa amekizoea.

Dokta alimwuliza kazi yake. Alipojibiwa kwamba ni kuuza mawese, akamwuliza tena, bidoni likikaa nje siku ya baridi, shingoni mafuta yanakuwaje. Yanaganda, Mwavita akasema, ndani yamejaa lakini hayatoki. "Basi mguu wako ni hivyo," dokta akasema. "Damu unayo. Haifiki."

Sasa sikilizeni jinsi neno linavyosafiri. Yasmini alimpigia shangazi yake simu, mtandao unakatika, watu wanapiga kelele kwenye korido, akamweleza kwamba mguu wa mama hauna damu na kwamba madaktari wanataka kuurudishia damu. Upande wa pili, Rumonge, Sikuzani akasikia anachokijua. Mtu hana damu, anaongezewa damu, na damu inatoka kwa mtu wake. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshafika, na fungu la mikeke, samaki wa ziwani waliokaushwa, na amekunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Dokta, mimi ndio wifi yake," akasema. "Mutoe hapa. Iko nyingi, na mimi sina sukari. Damu yangu na ya mume wake ni moja, na huyu mwili wake umeshazoea mambo ya ukoo wetu."

Dokta Émérance akatafuta miwani yake kwanza, nafikiri ni kwa sababu hakutaka kucheka mbele ya mtu mzima. Kisha akamkalisha, akamweleza habari ya shingo ya bidoni mara ya pili, kwamba hakuna damu ya mtu mwingine itakayoingia, ni ileile ya Mwavita itafunguliwa njia. Sikuzani akasikiliza mpaka mwisho. Uso ulimwiva. Lakini mkono wa gauni hakuushusha, akasema basi wakihitaji wajue iko hapa. Mwavita akamsogezea nafasi kwenye kitanda, akamwambia keti, wifi, umesafiri. Alijua kwamba hiki alichofanyiwa ni kitu kikubwa. Alikijua kama mtu anavyojua kwamba nje kunanyesha.

Asubuhi ya kazi yenyewe dokta aliwaambia yote. Mshipa umeziba juu kidogo ya goti na tena chini yake. Waya unaweza kupita, unaweza kukataa. Ukikataa, mguu unakwenda. Alipouliza kama wameelewa, Yasmini na Sikuzani waliitikia pamoja kama watoto wa shule, Mwavita akauliza kama ataweza kubaki na kilemba chake. Akabaki nacho.

Walimchoma sindano ya ganzi kwenye paja, juu kabisa. Ganzi juu ya ganzi. Hata yeye alikaribia kutabasamu. Walimfunika shuka, taa zikapunguzwa, na kwenye kioo cha mashine pembeni akaona mguu wake kwa ndani. Dawa waliyoiingiza ilichora mshipa mweusi unaoshuka vizuri kutoka pajani, unagawanyika, halafu juu ya goti unakatika ghafla. Chini yake, mahali palipotakiwa kuwa na mguu mzima, palikuwa peupe. Yaani pale ndipo alipoishia.

Waya ulishuka. Ulifika pale juu ya goti, ukajipinda. Dokta akaurudisha, akaupeleka tena, ukajipinda tena. Akaomba mwingine mwembamba zaidi. Hakuna aliyekuwa anaongea, mtu mmoja tu alikuwa anataja namba kwa Kifaransa, na shingo ya dokta ilikuwa inang'aa kwa jasho. Ule mwembamba ukapita goti, na chini ya goti ukakwama. Dokta akaacha mikono yake ikae kidogo. Alimwambia msaidizi wake kitu kwa Kirundi, na Mwavita, ambaye Kirundi amezaliwa nacho, akaelewa: tukishindwa hapa tumeshindwa. Alilisikia vizuri. Akawaza, basi nitapewa magongo, na mtaani watasema mengi. Hakuogopa. Alisikitika kidogo kwamba haogopi.

Kisha dokta akainama tena. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu kwenye kile kioo ila ncha ndogo inayosukumwa na kugeuzwa, inasukumwa na kugeuzwa, na ghafla ikawa upande wa pili. "Imepita," dokta akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Wakapeleka kipulizo chembamba, kama puto refu lisilozidi unene wa mrija, wakakijaza mahali palipoziba, wakakilegeza, wakajaza tena. Wakaingiza dawa. Ule weusi ukashuka goti, ukashuka muundi, ukafika kwenye wayo na kutawanyika vijitawi vyembamba mpaka karibu na vidole. Baadaye, kitandani, dokta aliweka ile kalamu yake juu ya wayo wa kushoto, na spika ikasema shwaa, shwaa. Yasmini alilia. Sikuzani alisoma alhamdulillahi mpaka muuguzi akaingia kuuliza kama wanahitaji kitu.

Msije mkafikiri kwamba mambo yaliisha hapo. Kidole kidogo kilikuwa kimeshakwenda, hakikusubiri damu, wakakikata. Nyama iliyokufa kisiginoni ilichongwa kidogokidogo, kila baada ya siku chache. Lakini sasa kilichobaki chini yake kilikuwa kinatoa damu kikiguswa, na wauguzi walikuwa wanafurahia ile damu kama watu wanaoona mchicha umeota. Wekundu ukajaa, ngozi mpya ikaanza kutambaa kutoka pembeni. Mguu ulikuwa wa moto. Yasmini aliushika akasema mama, umekuwa wa moto. Mwavita akaushika pia. Mkono ulisikia joto la mguu. Mguu haukusikia mkono.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Toka siku ile ya spika alikuwa anangoja. Alijiambia, damu ikishafika, na vingine vitafika, vyote vilivyochelewa vitashuka njia hiyohiyo. Alikuwa analala na kuamka anajipapasa, wayoni na kifuani, kuona kama vimefika. Eda iliisha akiwa palepale hospitali. Sikuzani alimwogesha nyuma ya pazia, akamvalisha kitenge cha manjano alichotoka nacho Rumonge, wanawake wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele vya chinichini. Yeye alitazama ile manjano, akaona ni rangi nzuri, basi.

Siku chache kabla ya kuruhusiwa alimwuliza dokta ni lini mguu utaanza kusikia. Dokta Émérance akaacha alichokuwa anakifanya. Angeweza kumdanganya, wengine wanadanganya kwa huruma. Alimwambia damu wameweza kuirudisha, hisia hawawezi, kwa sababu hizo zina mishipa yake na sukari imeshaikausha. Mguu utapona, atautembelea mpaka sokoni na kurudi, lakini hautamwambia kitu tena maisha yake yote. Na mshipa wenyewe unaweza kuziba tena, kwa hiyo vidonge, na kurudi kupimwa, na kutozoea. Mwavita akaitikia. Alikunja kile kitenge juu ya magoti, akakikunjua, akakikunja.

Siku ya kuondoka walikuwa wote watatu kitandani wakati dokta anakuja kutoa maelekezo ya mwisho. Aliyatoa kwa kirefu. Asitembee bila viatu hata ndani ya nyumba. Asisogeze miguu kwenye moto, na hapo Sikuzani akakohoa. Kila jioni miguu yote miwili iangaliwe, chini, kisiginoni, katikati ya vidole, kwa macho, kwa sababu kwake macho ndiyo yatakayouma badala ya mguu. Halafu akauinua ule wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaonekana kushangaa.

"Miaka yote hii ya sukari, na miguu imekufa hivi," akasema, "na mbali na ule moto sioni kovu hata moja. Wagonjwa wangu wote wana makovu. Kisigino chako wewe mwenyewe hukioni. Nani anakuangaliaga nyumbani?"

"Feruzi," Mwavita akasema.

Lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyotaja jina lake. Na likishatoka likaendelea. Feruzi ndio anaangaliaga, akasema. Jioni akishafunga cherehani. Anasema nyumba ya fundi sindano zinatembea sakafuni, na wewe miguu yako haina habari, lete hapa. Anaweka mguu kwenye goti, anapitisha kidole gumba chini yote, polepole, vile anavyotafuta pini iliyosahaulika kwenye pindo. Akikuta ufa anagomba, anapaka mawese. Hata siku tuliyogombana, hatusemezani, anakaa tu kwenye mkeka na kupigapiga goti lake, maana yake lete.

Habari hii hakuwahi kumsimulia mtu, na toka azikwe hakuwa ameikumbuka hata mara moja. Haikuwa ya kukumbukwa. Ilikuwa jambo la kila siku, kama kufunga mlango.

Dokta alifurahi. Alisema mume wa namna hiyo ni nusu ya dawa, na kwamba kabla hawajaondoka wamwite aje hapa, amwoneshe namna ya kukiangalia hiki kisigino kipya.

Yasmini akageukia ukuta. Sikuzani alifungua mdomo ili ajibu yeye, kwa sababu siku zote ndiye aliyekuwa anajibu. Ndiye aliyewaambia wageni habari ya msiba, ndiye aliyewaambia watu wa msikitini, ndiye aliyemwambia daktari wa Rumonge.  Lakini akaufunga mdomo, akangoja.

"Hawezi kuja," Mwavita akasema. "Amekufa."

Alikuwa hajawahi kulitamka hilo neno. Alilisikia likitoka, kwa sauti yake mwenyewe, na safari hii halikupita. Lilikaa. Kwanza alishika ukingo wa kitanda. Halafu kikatoka kitu kifuani mwake ambacho hakikuwa na umbo la maneno, kikubwa, kibaya, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti, akapiga ukelele ambao wagonjwa wa korido nzima waliusikia. Alimwita Feruzi. Alimwita tena na tena kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya soko.

Muuguzi alikuja mbio. Dokta Émérance alikuwa ameshaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, anauminyaminya, anamwuliza Mwavita wapi panauma, aoneshe kwa kidole, ni wapi. Mwavita hakuwa na pa kuonesha. Sikuzani akauchukua mguu mikononi mwa dokta, taratibu, akaupakata.

"Mumuache alie, dokta," akasema. "Alikuwa bado hajaanza."